Zanthokonaiti: mwongozo kamili wa kuitambua fedha yenye unga wa rangi ya chungwa

Kuna madini mawili ya fedha ambayo ukiyapeleka maabara yakapimwe yana nini ndani yake, majibu yanarudi yaleyale: fedha asilimia 65, arseniki asilimia 15, salfa asilimia 19 na ushee. Fomula ni moja, Ag₃AsS₃. La kwanza ni prustaiti, ambayo wakusanyaji wa mawe wanaijua na kuililia kwa wekundu wake. La pili ni zanthokonaiti, adimu kuliko mwenzake kwa mbali, na si ajabu kuikuta kwenye kisanduku cha mtu ikiwa imebandikwa jina la huyo mwenzake.

Unga wa ngano ni uleule, lakini mmoja katoa chapati na mwingine kakaanga maandazi. Atomi zilezile zimepangwa kwa namna mbili, na mpangilio huo ndio unaoamua umbo la fuwele, rangi, na namna jiwe linavyopasuka.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa jiolojia, mkusanyaji au mnunuzi mwenye kipande chekundu mkononi na shaka moyoni. Msimamo wangu nautoa mapema: usiuamini uso wa jiwe hili, uamini unga wake. Uso hubadilika kila jiwe linapokaa kwenye mwanga. Unga uliosagwa sasa hivi haujapata nafasi ya kubadilika.

Kabla ya kugusa jiwe, ijue familia

Wanajiolojia huyaweka madini haya kwenye kundi la salfosalti, yaani madini ambamo salfa imeungana na metali kama fedha, risasi au shaba pamoja na nusu-metali kama arseniki au antimoni. Ndani ya kundi hilo wako ndugu wanne ambao ni lazima uwajue kwa pamoja, maana ukimjua mmoja peke yake utawachanganya.

Wawili wana arseniki: prustaiti na zanthokonaiti. Wawili wana antimoni mahali pa arseniki, fomula Ag₃SbS₃: pirajiraiti na pirostilpnaiti. Kila jozi ina mmoja anayepatikana kwa kiasi cha kutosha na mmoja adimu. Zanthokonaiti na pirostilpnaiti ndio adimu, na kwa macho wanafanana kuliko kila mmoja anavyofanana na pacha wake wa kemia. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Aliyeitenga zanthokonaiti na kuipa jina ni August Breithaupt wa chuo cha madini cha Freiberg, huko Saksonia, Ujerumani, mwaka 1840. Alikuwa na sampuli kutoka mgodi wa Himmelsfürst, Brand-Erbisdorf, karibu na Freiberg, na jina alilitoa kwenye maneno ya Kigiriki yanayotaja vumbi la njano. Yaani hata yeye kilichomshika ni unga. (Mgodi huohuo mwaka 1885 ulitoa madini mengine ya fedha, agirodaiti, na mwaka uliofuata Clemens Winkler akagundua ndani yake elementi mpya, jerimaniamu. Ulikuwa mgodi wa bahati.) Prustaiti ilipewa jina mwaka 1832 na François Sulpice Beudant kwa heshima ya mkemia Joseph Louis Proust, ambaye mapema katika karne ya 19 alibainisha kwamba fedha nyekundu, yaani madini mekundu ya fedha, ziko mbili, ya arseniki na ya antimoni.

Hatua ya 1: Uliza limetoka wapi na lilikuwa na nani

Watu hukimbilia kukwaruza. Mimi naanza na kibandiko, au na mdomo wa aliyeleta jiwe.

Zanthokonaiti huzaliwa kwenye mishipa ya mwamba iliyojengwa na maji ya moto ya chini ya ardhi, tena mwishoni mwishoni, maji yakiwa yamepoa. Ukiipasha joto kufikia karibu nyuzi 192 za Selsiasi, mpangilio wa prustaiti ndio unaokuwa imara na zanthokonaiti hugeuka kuwa prustaiti. Kwa sababu hiyo utaikuta kwenye vijishimo na nyufa za mshipa, imekaa juu ya madini yaliyotangulia, mara nyingi ubavuni mwa prustaiti yenyewe.

Majirani zake ni kalsaiti, kwatzi, galena (madini ya risasi), sfaleraiti (madini ya zinki), fedha tupu, akanthaiti na stefanaiti (nazo ni madini ya fedha) na arseniki tupu. Kwenye migodi ya aina ya Jáchymov (Jamhuri ya Cheki), Schneeberg (Ujerumani) na Cobalt (Ontario, Kanada) utakuta pia madini ya kobalti na nikeli. Sampuli nyingine za zanthokonaiti zinatoka Sainte-Marie-aux-Mines kwenye milima ya Vosges, Ufaransa, na Chañarcillo, Chile.

Chañarcillo inastahili kutajwa kwa urefu kidogo. Iko jangwani kusini mwa Copiapó, na fedha yake iliibuliwa mwaka 1832 na Juan Godoy. Juu kabisa, kwa sababu ya ukavu, fedha ilikuwa imeungana na klorini na bromini. Kadiri walivyoshuka chini ndivyo walivyofikia fedha nyekundu. Prustaiti za huko, hasa za mgodi wa Dolores, zina fuwele za sentimita kadhaa na bado ndizo kipimo ambacho prustaiti nyingine zote hulinganishwa nacho. Mtu akikwambia jiwe lake dogo la njano-nyekundu ni la Chañarcillo, usimkatalie. Lakini pia usimlipe bei ya prustaiti ya Dolores kabla hujamaliza hatua zinazofuata.

Na huku kwetu? Fedha ya Afrika Mashariki huja zaidi ikiwa imechanganyika na dhahabu, au imejificha ndani ya galena, kama ilivyokuwa kwenye risasi ya Mpanda iliyochimbwa miaka ya 1950 na kujengewa tawi lake la reli. Kwa hiyo ukiletewa kijiwe chekundu kutoka Longido au Mahenge ukaambiwa ni "fedha nyekundu", anza kwa kufikiria rubi, spineli au ganeti. Hatua ya 4 itamaliza ubishi kwa sekunde tano.

Sampuli za Jáchymov na za eneo la Schneeberg zina jambo la ziada: mishipa ile ina urani pia. Madini yaliyowapa Marie na Pierre Curie radiamu mwaka 1898 yalitoka Jáchymov. Ukiwa na jiwe zito la huko lenye sehemu nyeusi zinazong'aa kama lami, lipitishe kwenye kipimo cha mionzi kabla ya kuliweka chumbani unakolala.

Hatua ya 2: Andaa mahali pa kazi

Unahitaji vitu vichache: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, kipande cha kigae kibichi (upande wa nyuma wa kigae cha ukutani unafaa, ule usiong'aa), vipande viwili vya kioo, sindano, tochi ndogo ya LED, mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, uzi, na kikombe cha maji. Ongeza glavu nyembamba na karatasi laini iliyoloweshwa.

Glavu si madoido. Karibu sehemu moja kati ya saba ya uzito wa jiwe hili ni arseniki. Kulishika kwa dakika chache si hatari ya kukutisha, lakini unga wake usiuvute puani, usiupulize kwa mdomo, usiukung'ute mezani. Futa kwa karatasi yenye maji, funga kwenye mfuko, kisha nawa mikono. Na ile tabia ya wachimbaji na wanajiolojia ya kulamba jiwe ili rangi itoke vizuri, kwa jiwe jekundu usilolijua, iache kabisa.

Vitabu vya zamani vitakuelekeza kulichoma jiwe juu ya mkaa na kunusa: likinuka kitunguu saumu, kuna arseniki. Ni kweli linanuka hivyo. Ni kweli pia kwamba unachonusa ni moshi wa sumu. Usijaribu nyumbani, wala usijaribu asidi.

Funga pazia. Fanya kazi kwenye mwanga hafifu wa chumbani, tochi uiwashe pale tu unapotazama.

Hatua ya 3: Tazama umbo kwa lenzi

Hapa ndipo mtu mwenye subira anapopata nusu ya jibu bila kuharibu chochote.

Prustaiti hujenga nguzo zenye pande sita au vichwa vilivyochongoka, vinavyofanana na vile vya kalsaiti iliyochongoka kama jino. Ni fuwele nene, zenye mwili. Zanthokonaiti hujenga vibao: vipande bapa, vyembamba, vyenye mzunguko wa pembe nne au sita, mara nyingine vimerundikwa kimoja juu ya kingine. Hupasuka kwa kufuata ubapa huo, na uso wa ubapa una mng'ao unaokaribia ule wa ndani ya kombe la baharini, ilhali pembeni unang'aa kwa ukali.

Sasa washa tochi nyuma ya fuwele kwa sekunde mbili tatu. Kibao chembamba cha zanthokonaiti hupitisha mwanga wa njano-chungwa kama asali iliyoiva. Kikiwa kinene kinakuwa chekundu-kahawia na kinaweza kukudanganya, kwa hiyo tafuta kingo, pale kibao kilipokuwa chembamba zaidi. Prustaiti hata kwenye kingo inabaki nyekundu, wekundu wa damu mbichi.

Ukiona fuwele nyeusi yenye vimuliko vyekundu ndani, usikate tamaa wala usishangilie. Inaweza kuwa pirajiraiti, ambayo kwa asili ni nyeusi-nyekundu, au prustaiti iliyokaa kwenye kabati la kioo miaka mingi na kuiva kwa mwanga. Macho hayana uwezo wa kuamua hapo.

Hatua ya 4: Unga

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Usilichukue jiwe zima ukaliburuta kwenye kigae. Fuwele za zanthokonaiti kwa kawaida ni ndogo, chini ya sentimita, na ugumu wake ni 2 hadi 3 tu kwenye kipimo cha Mohs, jirani na ukucha wako. Ukiburuta utamaliza fuwele uliyoilipia. Tafuta punje iliyodondoka chini ya kisanduku, au kwa ncha ya sindano bandua kipande kidogo kuliko punje ya chumvi.

Punje hiyo itoke kwenye fuwele unayoihoji. Narudia kwa sababu prustaiti na zanthokonaiti hukaa jiwe moja, hata ndani ya sentimita moja, na ukikwangua ovyo utapata mchanganyiko usiosema lolote. Ibandue ukiwa unatazama kwa lenzi.

Iweke kati ya vipande viwili vya kioo, bonyeza, kisha sugua kwa mzunguko mpaka usisikie tena mkwaruzo. Usisitishe mapema. Chembe kubwa huonekana nyekundu hata kama unga halisi ni wa chungwa. Nimeona watu wazoefu wakibishana juu ya unga ambao haukusagwa vya kutosha. Weka kioo juu ya karatasi nyeupe na utazame.

Unga wa chungwa unaoelekea njano: zanthokonaiti au pirostilpnaiti. Unga mwekundu mkali: prustaiti. Unga mwekundu wenye uzambarau: pirajiraiti. Ikiwa hakuna unga wenye rangi, na badala yake kijiwe kimekwaruza kioo, ni rubi, spineli au ganeti, na unaweza kurudi kwenye biashara yako.

Hatua ya 5: Ondoa wanaojifanya

Nje ya familia kuna mawe kadhaa yenye unga unaokaribia huo, na ni heri uyapitie moja moja.

Rialga ndiyo mdanganyifu mkubwa. Nayo ina arseniki na salfa, unga wake ni wa chungwa, na hupatikana kwenye mishipa ya maji moto. Lakini haina fedha, kwa hiyo ni nyepesi, uzito mahususi (jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule) karibu 3.6 dhidi ya 5.5 ya zanthokonaiti, na ni laini zaidi. Mwanga pia unawatenganisha: rialga iliyoachwa kwenye mwanga hugeuka unga wa njano na kuporomoka, wakati fedha nyekundu hufifia kuelekea weusi.

Krokoaiti ina unga wa njano-chungwa na uzito wa karibu 6. Hii hukaa sehemu ya juu ya mwamba wa risasi iliyooza kwa hewa na maji, na fuwele zake ni vijiti virefu vya chungwa. Sinaba ina unga mwekundu kama wa prustaiti na ugumu uleule. Inajulikana kwa uzito wake, zaidi ya 8, kwa kuwa ni madini ya zebaki. Kupraiti ina unga wa kahawia-nyekundu na huandamana na malakaiti ya kijani. Hemataiti ni ngumu zaidi. Sfaleraiti nyekundu, ambayo ni jirani wa kweli kwenye mishipa hii, unga wake ni wa njano iliyopauka au kahawia na fuwele hupasuka kwa kufuata njia sita.

Hatua ya 6: Uzito mahususi, kama jiwe linaruhusu

Kipimo hiki hufanya kazi kwa fuwele isiyoshikana na mwamba tu. Kipande chenye kalsaiti chini yake kitakupa namba ya kalsaiti na fedha kwa pamoja, na namba hiyo haina faida.

Pima jiwe likiwa kavu. Weka kikombe cha maji kwenye mizani na uirudishe kwenye sifuri. Fungia jiwe kwenye uzi mwembamba, lizamishe bila kugusa sakafu wala ukuta wa kikombe, soma namba. Gawa uzito wa kwanza kwa namba hiyo. Jiwe la gramu 8.40 likisoma 1.50 ndani ya maji, jibu ni 5.60.

Mizani ya jikoni inayosoma hadi 0.1 haifai. Ile 1.5 yake inaweza kuwa chochote kati ya 1.45 na 1.55, na jibu lako litaelea kati ya 5.4 na 5.8: prustaiti imo humo, na pirajiraiti iko mlangoni. Ya 0.01 inakupa kati ya 5.58 na 5.62. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji huzuia viputo kung'ang'ania jiwe. Kiputo kimoja kwenye jiwe dogo kinatosha kuharibu hesabu.

Namba za kulinganisha: zanthokonaiti karibu 5.5, prustaiti karibu 5.6, pirajiraiti karibu 5.85, pirostilpnaiti karibu 5.9. Utaona mara moja kwamba kipimo hiki kinatenganisha arseniki na antimoni, lakini mapacha wenyewe hakiwagusi. Na kwa fuwele ndogo za kawaida za zanthokonaiti ni heri ukiruke.

Hatua ya 7: Maabara, na swali la kuuliza

Mashine ya XRF ya kushika mkononi, kama zile ambazo wanunuzi wa dhahabu hulengesha kwenye vipande, itakuonyesha fedha pamoja na arseniki au antimoni. Hiyo inatosha kutenganisha zanthokonaiti na pirostilpnaiti, ambazo kwa umbo na unga zilikushinda. Haitakutofautishia zanthokonaiti na prustaiti hata ukiielekeza siku nzima, kwa sababu inahesabu elementi na haioni zimepangwaje.

Kwa mpangilio unahitaji kipimo cha mtawanyiko wa eksirei, XRD, au cha Raman, kinachotumia mwanga wa leza. Tanzania, pa kuanzia kuuliza ni Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, Dodoma, au idara za jiolojia za vyuo vikuu. Ukipeleka sampuli usiandike tu "naomba kujua ni madini gani", maana utapewa orodha ya elementi, ulipie, urudi palepale. Andika kwamba fomula unaikisia ni Ag₃AsS₃ na unachotaka ni kujua muundo wa fuwele. Waeleze pia kwamba sampuli ina arseniki na isipashwe joto. Ikifika nyuzi zile 192 unaweza kupeleka zanthokonaiti ukarudishiwa jibu la prustaiti, na maabara haitakuwa imekosea.

Raman ina faida ya kutohitaji unga, lakini leza yake ikiwa kali inaweza kuunguza doa kwenye fuwele. Omba waanze na nguvu ndogo kabisa.

Hatua ya 8: Kulitunza

Mwanga huondoa fedha kwenye mpangilio wake na kuacha utando mweusi juu ya uso. Makumbusho mengi huweka fedha nyekundu zao nzuri kwenye droo, si kwenye kabati la vioo. Fanya hivyohivyo: kisanduku chenye kifuniko, ndani ya droo. Ukitaka kuwaonyesha wageni, onyesha, kisha rudisha. Picha chache nzuri zilizopigwa siku ya kwanza zitakuokolea saa nyingi za mwanga, na zitakuwa ushahidi wa rangi ya awali.

Usifunge jiwe kwa mpira wala kuliweka juu ya sponji ya mpira. Salfa inayotoka humo huitia weusi fedha tupu ambayo mara nyingi imo kwenye jiwe hilohilo. Usilisafishe kwa dawa ya kung'arishia vyombo vya fedha, wala kwa mashine ya mtetemo ya masonara: vibao vya zanthokonaiti vitaachana. Vumbi liondoe kwa brashi laini kabisa, na kama lazima, maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kisha ukaushe kivulini.

Kwenye kibandiko andika jina la mgodi na nchi, majirani yaliyomo, jinsi jina lilivyothibitishwa (unga, XRF, XRD), na onyo la arseniki. Kama umefika kwenye unga tu na hujaenda maabara, andika "zanthokonaiti au pirostilpnaiti". Mnunuzi anayejua kazi yake atakuheshimu zaidi kwa neno hilo "au" kuliko kwa jina moja uliloliandika kwa matumaini.